Filamu za Waitaliano Bila Wanjira

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Nilimpoteza Wanjira Jumapili ya mwisho ya Agosti, katikati ya filamu. Hakufa. Mwanawe Dan alikuja na gari kutoka mtaa wa Karen kumchukua akaishi kwake, akasimama mlangoni mwa ukumbi wangu wa vidio hapa Ngara akichezesha funguo, na mama yake akaweka maikrofoni chini, akachukua mkoba. Akaniambia nimalizie. Nimalizie na nini? Kiitaliano mimi najua maneno mawili, na yote mawili ni matusi.

Watu walikaa kidogo wakitazama midomo ya Waitaliano ikichezacheza. Kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.

Mimi Kivuva sikurithi kitu. Nilianza na televisheni moja na benchi mbili nilizozipigilia misumari mwenyewe. Sasa benchi ni kumi na nne. Zilikuwa zinajaa, na aliyezijaza si mimi. Hilo sikuwahi kumwambia. Naliandika hapa, mahali ambapo halitamfikia.

Wanjira alipikia familia ya injinia Mwitaliano kule Loresho miaka kumi na tisa. Walipofunga virago '98 wakamwachia sufuria, kabati, na katoni ya kaseti za filamu arobaini na moja. Zote za polisi na majambazi. Zote za miaka ya sabini, za bei ya chini, Kiitaliano kitupu. Akazileta hapa akitaka kuziuza. Nikamuuliza ni nani atakayelipa kuona kitu asichokielewa. Akasema, "Weka moja. Mimi nitawaambia wanasema nini."

Akawaambia kwa miaka sita.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimemjaribu Odero kwenye maikrofoni. Ni mteja wangu wa tangu mwanzo, amestaafu reli, sauti anayo. Lakini anatangaza kila kitu kama mpira. Jambazi anapanda ngazi — anakwenda, anakwenda, bado anao! Mwanamke analia — amekosa nafasi ya wazi! Watu walicheka robo saa. Baadaye mama mmoja anayeuza mitumba akaniuliza polepole kama yule mama wa siku zote ni mgonjwa. Nikasema amesafiri.

Karen si safari. Unashuka mjini kwa miguu, unapanda gari moja.

Odero mwenyewe ndiye aliyerudisha maikrofoni. Akasema alifikiri hii ni kazi ya sauti. Kumbe si kazi ya sauti. Nikamuuliza ni kazi ya nini basi. Akavaa kofia yake, akaenda.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimepeleka televisheni ya kukodi Loresho, kwa watu wanaopanga harusi. Nikapita kwenye lango la yule injinia. Siku hizi wanakaa watu wengine, wamepaka rangi ya maziwa.

Wanjira aliniambia alivyokuwa akitazama. Amesimama mlango wa jikoni, sinia mkononi, vyombo vya chakula cha jioni havijaoshwa. Mama mwenye nyumba alijifanya hamwoni. Injinia alikuwa akilia mahali fulani katika filamu fulani, kila mara mahali palepale, kisha anaitisha kahawa kwa sauti kubwa ili wasijue. Wanjira alikuwa ameshaiweka motoni.

Nimesimama pale hadi mlinzi akaniuliza nimepotea. Nikasema hapana. Lakini ni kweli nilikuwa nimesimama muda mrefu kuliko mtu mwenye kazi.

Jumatano, 20 Oktoba. Kenyatta Day.

Sikukuu. Zamani siku kama ya leo ningekodi viti vya kuongeza. Leo nimefunga mlango, nikaweka filamu peke yangu, bila mtu wa kunieleza chochote.

Niandike ukweli. Hizi filamu ni takataka, na nazipenda kuliko kitu chochote ninachomiliki.

Gari jeupe linagongwa dakika ya kumi na mbili, taa zote mbili kwisha. Dakika ya arobaini linapita tena — taa nzima, namba ya usajili ileile! Dakika ya sabini wanalitupa kwenye machimbo ya mawe. Hawakuwa na gari la pili. Mimi ndiye niliyeliona hilo, mwaka wa kwanza kabisa, nikamnong'oneza Wanjira ile namba. Hakusita. Akawaambia watu kwa maikrofoni: "Mnashangaa hiyo gari? Ilipelekwa gereji za Grogan asubuhi. Fundi ameifunga taa za gari ya mtu mwingine." Benchi zote zikaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo tukagawana kazi hivyo — mimi nahesabu, yeye anasema.

Na ngazi. Kuna ngazi moja ya mawe, ina mkono wa chuma uliopinda. Nimeiona katika filamu sita. Majambazi wa Milano, wa Roma, wa Napoli, wote wanaishi juu ya ngazi hiyo moja. Chupa ya wiski pia ni moja, na haiishi. Yule mwenye kovu shavuni amekufa katika filamu tatu, na kila mara anakufa kwa bidii, kama kibarua aliyeambiwa akifanya vizuri ataitwa tena kesho.

Walikuwa na vitu vichache, wakavitumia vyote, wala hawakuomba radhi. Watu kama hao nawaelewa. Yule aliyepiga picha angekuwa hai ningemnunulia chai nimuulize gari lile lilikuwa la nani. Nadhani lilikuwa lake.

Kisha komishna wa polisi anaingia kwenye kibanda cha simu. Mvua kwenye kioo. Anaweka sarafu, anasikiliza. Hapo ndipo Wanjira alikuwa akishusha sauti, hata wa benchi ya nyuma wanainama mbele.

Leo nimesikia mvua tu. Nimezima mashine kabla haijaisha.

Jumatatu, 25 Oktoba

Odero ameleta dividi kutoka River Road. Filamu yetu ile ya kibanda cha simu, na Kiingereza kimeandikwa chini. Tumeitazama asubuhi kabla ya wateja — kama bado ninao wateja.

Nipange mambo kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Kwa Wanjira, komishna aliitwa Kitheka. Ana mke, Kamene. Kamene amerudi kwao Mwingi kwa hasira kwa sababu mume ameoa kazi. Kila usiku Kitheka anampigia kutoka kibandani, na Kamene hana maneno mengi, anamuuliza tu kama amekula. Mwisho Kitheka amewashika majambazi wote, ana risasi begani, anapiga simu tena, na Kamene anamwambia arudi nyumbani, mlango hajaufunga. Watu walikuwa wakipiga makofi. Wanaume wazima, madereva wa malori, walikuwa wakipangusa macho na kusingizia vumbi.

Kwa maandishi ya Kiingereza hakuna Kamene. Mke alikufa kabla filamu haijaanza. Picha yake iko juu ya meza ya komishna. Miaka yote nilidhani ni dada yake. Na ile namba anayopiga kila usiku ni ile ya kampuni ya simu ya kuuliza saa. Sauti ya mwanamke, ya mashine. Inamwambia ni saa nne na dakika fulani. Anasikiliza hadi sarafu inakwisha. Mwisho anapiga tena, damu kwenye mkono wa simu, na mashine inamwambia saa. Basi.

Wanjira alikisikia Kiitaliano miaka kumi na tisa. Alijua kila neno. Hakukosea — aliamua.

Nikasema, sasa mbona aliwadanganya watu hivyo? Odero akanitazama kama abiria aliyeshika tiketi ya jana.

"Kivuva, huyo mama ni Mkikuyu wa Kabete. Hayo majina ya Kikamba alitoa wapi? Na Mwingi alienda lini?"

Mimi ndiye Mkamba wa Mwingi.

Akainuka, akasema kwa sauti ya chini, "Na mtu aliyeoa kazi hapa Ngara, mimi namjua mmoja tu."

Alipoondoka nikatoa kaseti zote zenye simu. Ni tisa. Kwa zote tisa Wanjira alikuwa ameweka mwanamke upande wa pili. Nami nilikuwa nimekaa kando yake, goti kwa goti, nikitazama namba za magari.

Alhamisi, 28 Oktoba

Njuguna, mwenye jengo, amekuja na fundi wa mbao na futi ya kupimia. Anataka kuukata ukumbi huu vibanda kumi na viwili vya nguo na simu, kama jengo la ng'ambo ya barabara. Anasema vidio imekufa, watu wana dividi kwao. Hakusema kwa ubaya. Amenipa la kuchagua: mkataba mpya wa miaka mitano na ukumbi ubaki ulivyo, ama nitoke mwisho wa mwaka. Jibu analitaka Jumamosi tarehe kumi na tatu, saa sita mchana.

Bila Wanjira sina vidio. Hiyo hesabu mtoto wa nasari anaiweza. Lakini nilipokuwa nikimtazama fundi akipima ukuta, sikuwa nikiwaza ukuta. Nilikuwa nikiwaza pale mahali pa kiti cha Wanjira, futi ikipita juu yake.

Jumapili, 31 Oktoba

Nimetoka Karen. Nimeharibu.

Nilivaa suti ninayovaa kwa harusi za watu wengine. Nikafunga maikrofoni kwa gazeti, nikaitia kwenye mfuko. Nilifikiri ni zawadi ambayo mwanamume mwingine hawezi kumpa. Na nilienda peke yangu. Tangu nifike Nairobi nimejisemea kila kitu — kwa wenye nyumba, kwa askari wa kanjo ya jiji, kwa meneja wa benki. Kwa nini nikodi mdomo leo?

Mlinzi akapiga simu ndani kuuliza kama natarajiwa. Ua limekatwa sawasawa kama kichwa cha kuruti. Dan alinipokea vizuri, hilo siwezi kumnyima. Juisi, kiti kizuri, habari za biashara. Mkewe Shiru akaenda kumwita mama. Wanjira akaja na mjukuu mgongoni, Becky, ana mwaka mmoja na kitu. Wanjira amenenepa kidogo. Alikuwa na ile sweta ya kijani aliyokuwa akivaa hapa wakati wa baridi, kiwiko kimeshonwa.

Dan akauliza kwa heshima, "Mzee, leo umekuja kwetu kama nani?"

Kijana wa watu alinifungulia mlango wazi kabisa! Nami nikasema: "Nilikuwa mwajiri wake."

Nikafungua gazeti. Nikaweka maikrofoni mezani. Waya ukaingia kwenye juisi.

Dan akasema mama amepumzika sasa, siku za kupigia watu kelele Ngara zimekwisha. Shiru akapangusa meza. Wanjira akasema asante, akaiweka juu ya friji kando ya maua ya plastiki, akaanza kuongea na mtoto.

Alinisindikiza hadi langoni, kama ilivyo adabu. Hapo nikamuuliza kuhusu ile simu. Akacheka kidogo, hakunitazama. Akasema, mwanamume mzima anapigia saa simu! Aliona haya kuwaambia watu. Halafu wangerudi vipi Jumapili inayofuata, wakiwa wamebeba hilo?

Nikamuuliza, na Mwingi je?

Akamkaza mtoto vizuri mgongoni.

"Kivuva. Mtu akija kwa watu kuuliza kitu, anakuja na wazee wa kumsemea. Wewe umekuja na waya."

Mlinzi akafungua lango. Nilikuwa nimeshatoka nje aliposema lile lingine, na hakulisema kwa nguvu: kwamba miaka sita amenisemea hata mimi, na mimi nilikuwa nahesabu magari.

Jumanne, 2 Novemba

Watu wanne. Nimewarudishia viingilio, nimefunga.

Nilikuwa na mashine tatu za kurekodi hapa ndani, miaka sita, na sikuwahi kubonyeza hata moja wakati anaongea. Leo nimezima sauti ya Kiitaliano kabisa ili nimsikie yeye kichwani. Kamene anauliza, umekula? Maneno yanakuja. Lakini yanakuja kwa sauti yangu.

Jumapili, 7 Novemba

Nimetuma wazee. Nthiwa, binamu yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, ametoka Machakos kwa hilo tu. Na Odero. Nthiwa alilalamika kidogo kwamba Mjaluo anaenda kumposea Mkamba kwa Wakikuyu — huo si uchumba, ni baraza la mawaziri. Lakini alikubali. Walibeba blanketi, sukari, kreti ya soda. Mimi nikabaki hapa nafuta benchi zisizo na vumbi.

Wamerudi jioni. Odero akatoa taarifa kwa namna yake: kipindi cha kwanza Dan amekaa nyuma, hapitiki, Nthiwa anajaribu methali upande wa kushoto, inagonga mwamba, Shiru anapokea kreti! Hapo Nthiwa akamkatiza, akaniambia nisikilize vizuri, kupokelewa kreti si jambo dogo, kisichotakiwa hurudi na mwenyewe langoni.

Dan aliwauliza waziwazi kama huyu mzee anatafuta mke ama mtangazaji. Nthiwa akamwambia mtangazaji anaye tayari, ndiye huyu Odero, na ndiyo maana biashara imekufa. Hata Dan alicheka. Mwishowe akasema yeye hazuii. Mama yake ana mdomo, ajisemee.

Na mama?

Mama alisema, "Nimesikia. Tutaona."

Tutaona! Nikamuuliza Nthiwa uso wake ulikuwaje. Akasema ulikuwa uso wa mtu anayekaanga maandazi huku anasikiliza redio. Nikauliza alitazama wapi. Odero akasema alitazama blanketi, akashika ukingo wake kwa vidole viwili, kama anayekagua ushonaji.

Kwao neno hilo linaweza kuwa ndiyo ya adabu, linaweza kuwa hapana ya adabu. Kwetu vilevile. Nchi hii yote tumeijenga kwa tutaona.

Nimewapa wazee chai. Nimeshukuru. Walipokwenda nikakaa kwenye kiti cha Wanjira, karibu na mashine. Sijawahi kukaa hapo. Kumbe kutoka pale skrini huioni vizuri. Unaona pembeni mwa skrini, na unamwona mtu aliyekaa kiti changu.

Ijumaa, 12 Novemba

Kesho saa sita, Njuguna. Kutoka Karen, kimya tangu Jumapili.

Nimeipiga hesabu upya asubuhi hii na imetoka tofauti na nilivyozoea. Akisema ndiyo, nitamuuliza anataka tukae wapi, na Njuguna atapata jibu lake kutoka hapo. Akisema hapana, Njuguna akate vibanda vyake, mimi nitauza benchi. Kukaa hapa miaka mitano nikisikiliza mvua ya Milano — hiyo sitaki hata kwa bure.

Kwa hivyo nimekaa na simu. Meseji moja ni herufi mia moja na sitini. Ya kwanza nilitia Njuguna, mkataba, benchi kumi na nne. Nikafuta. Ya pili nilitia maikrofoni. Nikafuta haraka zaidi. Iliyokwenda ni hii:

Wanjira, ni Kivuva. Sikuiti kazini. Nataka uwe mke wangu, Ngara ama popote utakaposema. Usinijibu kupitia Dan wala Odero. Niambie mimi.

Simu ikaandika imefika. Nikafagia. Nikachemsha chai, nikaiacha ikapoa.

Saa nane na nusu ikalia — mara moja, ikakatika. Namba yake.

Flash. Sasa flash ni nini? Kwa Odero ni nipigie, sina kredo. Kwa fundi wangu ni nimefika. Vijana wanasema ni salamu tu. Nikampigia palepale. Ikalia, ikalia, hakushika. Nikakaa. Flash nyingine. Nikapiga. Hakushika.

Najua yuko wapi. Amesimama jikoni kwa mwanawe, simu iko mkononi, anaiangalia inavyolia na jina langu. Anataka mimi ndiye niweke maneno upande wa pili. Kazi yake mwenyewe amenirudishia! Na ningeweza. Nimekaa kando yake miaka ya kutosha. Ningemwekea maneno matamu hapo hadi madereva wa malori wapige makofi.

Sitaki. Safari hii nataka yaliyosemwa hasa.

Nimetuma nyingine, fupi:

Flash mimi sijui kusoma. Kesho Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo ama hapana, Wanjira, kwa mdomo wako.